Karatasi Iliyotamkwa

Waheshimiwa walimu, wazee wangu, akina mama mliofunga vibanda vyenu Malaba mkaja hadi hapa Tororo kwa ajili ya maneno matupu, vijana wa bodaboda mnaosikiliza kupitia dirishani, nanyi wanafunzi ambao najua mmeletwa kwa lazima: wakubwa wangu shikamooni, na wengine wote hamjambo.

Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, mtu akipanda kwenye jukwaa kama hili hukisifu Kiswahili mpaka jasho limtoke. Mimi nimeamua kuzungumzia Kiingereza. Msinune. Kwa miaka mingi nimekula kwa lugha hizi mbili. Nilikuwa mkalimani wa mahakama. Upande huu hakimu anaandika Kiingereza, maana ndiyo lugha ya mahakama zetu. Upande ule mshtakiwa amekamatwa kwa Kiswahili, amelala rumande kwa Kiswahili, na angependa aelezwe kwa Kiswahili ni kosa gani amefanya. Katika makosa yote yaliyopita mdomoni mwangu, hakuna yaliyonisumbua kama makosa ya uongo. Wizi ni wizi. Kupiga ni kupiga. Lakini Kiingereza kikifika kwenye kudanganya kina maneno mengi kama viungo vya pilau, na mpishi akikosea kimoja, chungu kizima kinaharibika.

Nianze na aibu yangu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini aliletwa mzee mmoja, mchuuzi wa ng'ombe. Alikuwa amesimamishwa njiani na ng'ombe wanane, akatoa kibali cha kusafirisha mifugo. Askari alikigeuza, akakinusa, akamwita mwenzake. Muhuri wa kibali kile ulikuwa umechongwa kwenye soli ya kandambili. Niliuona mimi mwenyewe pale mezani kama kielelezo: kipande cha mpira wa bluu, wino umekauka kwenye mikunjo, na herufi moja imechongwa kinyume. Fundi alisahau kwamba muhuri husomwa kama kwenye kioo.

Mashtaka yalikuwa mawili. La kwanza, kughushi. Hilo nililitafsiri bila taabu. La pili liliandikwa "uttering a false document". Nami kijana, nimetoka shule juzi, kichwani mwangu "utter" ni kutamka. Nikamgeukia mzee nikamwambia kwa sauti ya kiserikali: "Unashtakiwa kwamba ulitamka hati ya uongo."

Mzee akanitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "mimi sijui kusoma. Ningeitamkaje?"

Watu walicheka hadi askari wa mlangoni. Hakimu akauliza mshtakiwa amesema nini, nami nikatafsiri kwa uaminifu wote: anasema hajui kusoma, kwa hiyo hakuitamka. Hakimu akaandika maneno mawili, akasita, akavua miwani yake akaifuta taratibu.

Wakati wa chai karani mzee akanivuta pembeni. Akanieleza kwamba "utter" huyo wa sheria hana uhusiano na mdomo. Ni ndugu wa neno "out", yaani nje. Zamani mtu akitoa bidhaa sokoni alisemwa hivyo hivyo, na mwenye kutoa sarafu mbovu akaitwa vivyo hivyo. Kwa hiyo kosa la pili lilikuwa kuitoa ile karatasi, kuinyoosha mkononi mwa askari kana kwamba ni halali huku anajua si halali. Kosa la kwanza ni la mchongaji wa kandambili. La pili ni la mkono ulioinyoosha. Na mzee yule, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, hakuwa mchongaji. Kesi yote ilibaki kwenye swali moja: je, alijua? Swali hilo mimi nilikuwa nimelifukia chini ya neno "kutamka", na ilibidi shtaka lisomwe upya.

Tangu siku ile nikaanza kutembea na daftari. Kila neno la Kiingereza la uongo nililokutana nalo niliandika upande wa kushoto, na upande wa kulia sikuandika tafsiri. Niliandika swali: uongo wenyewe unakaa wapi? Kwenye kitu? Kwenye karatasi? Mdomoni? Au kwenye kichwa cha anayedanganywa?

Chukueni hilo la kughushi. Kwa Kiingereza ni "forge", na neno hilo limetoka kwenye karakana ya mhunzi, mahali pa moto na nyundo. Hadi leo Mwingereza akisema mtu ana-"forge" panga, anamsifu; akisema ana-"forge" sahihi, anamwita polisi. Mkono ni ule ule, ustadi ni ule ule. Sisi tuna kufua chuma, na tuna kufua nguo, lakini hatukuupeleka ufuaji kwenye uongo. Neno letu la kughushi tumelipata kwa Waarabu, nalo limetoka sokoni. Ndugu zangu Waislamu mliomo humu mnaijua habari ya Mtume kupita kwa muuza nafaka, akaingiza mkono kwenye rundo, juu kukavu, chini kumelowa. Akasema anayetughushi si katika sisi. Basi kughushi kwetu kulianzia kwenye nafaka yenye maji chini, kabla ya karatasi na muhuri. Nyinyi mnaonunua kahawa ya kiboko, ile kavu isiyokobolewa, kwa wakulima hamhitaji niwafafanulie. Mkono wenu mnauingiza mpaka kwenye kitako cha gunia kila msimu.

Tofauti hiyo ya asili haikunisaidia mahakamani, lakini ilinisaidia kuelewa kwa nini watu wetu hushangaa sheria ya Kiingereza inapokataa kuita kitu "forgery". Mfano wenyewe huu hapa, na najua humu ndani wapo waliowahi kuwa nao mfukoni. Mtu anahitaji barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kuthibitisha ni mkazi wa kijiji. Amehamia juzi. Anakwenda kwa mwenyekiti, wanaongea vizuri, mwenyekiti anaandika kwa mkono wake mwenyewe, anatia sahihi yake mwenyewe na muhuri wa kijiji, kwamba ndugu huyu amekaa hapa miaka kumi. Sisi sote tutasema ni barua feki. Lakini barua ile ni halisi kabisa! Mwenyekiti ni mwenyekiti, muhuri ni muhuri. Kilicho cha uongo ni habari iliyomo. Majaji wa Uingereza walilisema hilo tangu 1865: hati ya kughushi ni ile inayojifanya kuwa kitu ambacho siyo, haitoshi iwe na uongo ndani yake. Mwenyekiti yule ana makosa yake, tena mazito, ila hilo silo lake.

Niliwahi kumweleza shemeji yangu jambo hili akanijibu, "Hayo ni mambo ya wanasheria kutafuta pesa." Labda. Lakini jela mtu hukaa kwa kosa aliloandikiwa, na aliyemsomea ni mkalimani.

Sasa "counterfeit". Asili yake ni Kifaransa cha kale, kitu kilichotengenezwa kwa kuiga kingine. Ukilisema lazima pawepo na cha asili kinachoigwa: noti, jembe, dawa, mfuko wa mbegu. Kughushi hakuhitaji cha asili. Kuna Mholanzi mmoja, Han van Meegeren, mchoraji, aliyekamatwa 1945 vita vilipokwisha. Kosa lake lilikuwa kumuuzia Göring, mkubwa wa Wanazi, picha ya Vermeer, mchoraji wa karne ya 17, hazina ya taifa la Uholanzi. Ushirika na adui. Shingo yake ilikuwa hatarini. Van Meegeren akajitetea kwa njia ambayo sijapata kuisikia katika mahakama yoyote niliyofanyia kazi: nimewauzia takataka, ile picha nimeichora mimi. Hawakumwamini. Ikabidi achore nyingine mbele ya mashahidi. Mnaona? Vermeer hakuwahi kuchora picha ile, kwa hiyo hapakuwa na cha kuigwa. Alichoiga ni mkono. Wakamhukumu 1947 mwaka mmoja kwa ulaghai na kughushi, akafa kabla hajaanza kuutumikia. Sidhani kama kuna mtu mwingine aliyejiokoa kwa kuapa kwamba yeye ni mwongo.

Turudi shambani, huko Uholanzi kuna baridi. Mbegu za mahindi. Mnajua jinsi tunavyouziwa: punje za waridi au za kijani, zimepakwa dawa, ndani ya mfuko wenye jina la kampuni. Msimu mmoja jirani yangu alinunua kilo kumi, akapanda, yakatoka mahindi ya kila aina, mengine yamefika kiunoni mengine yamenipita kichwa. Punje zilizobaki tukazitia kwenye bakuli la maji. Baada ya dakika chache maji yakawa ya waridi na mahindi yakawa meupe. Yalikuwa mahindi ya kusaga, ya sokoni, yametiwa rangi. Jirani akawa anapiga kelele, "Mahindi feki! Mahindi feki!" Mkewe, mwalimu wa shule, akamwambia, "Mahindi ni ya kweli, hata ugali tungekula. Mbegu ndiyo feki." Sijasikia darasa bora la somo hili. Mfuko ule ni "counterfeit", kwa maana kuna mfuko halisi ulioigwa. Rangi ni ulaghai. Punje zenyewe, maskini, hazikumdanganya mtu.

Na hapa Kiswahili chetu kina jambo ambalo lilinipa kazi. Neno "bandia". Kwa asili bandia ni kile kitoto cha kuchezea, mwanasesere. Mtoto akimbeba mgongoni hamdanganyi mtu. Ndiyo maana tunasema meno bandia, mguu bandia, nywele bandia, bila kumtukana mwenye navyo. Kisha tunasema noti bandia, na hapo ghafla tumo kwenye jinai. Kiingereza kimegawanya: mguu ni "artificial", noti ni "counterfeit", na meno, kwa sababu wanazojua wao, ni "false", ingawa hayajawahi kusema uongo. Bibi yangu alikuwa akiyaweka kwenye bilauri kando ya kitanda usiku, na asubuhi akiyavaa anasema, "Sasa naweza kuwaamkia watu." Leo wanafunzi wanabishana kama ile akili ya kwenye kompyuta ni bandia, unde au mnemba. Naona ubishi wenyewe una maana: wanaosema bandia wanaisikia noti, wanaosema unde wanamsikia fundi.

Mbona nimelikwepa neno kubwa? "Fake". Tunalo wenyewe, feki, limeshaota mizizi, hata bibi wa kijijini analo. Nilidhani ni neno la wasomi, mpaka nilipojua limezaliwa wapi. Ni neno la wezi wa London. Mfungwa mmoja, James Hardy Vaux, aliyekuwa akitumikia adhabu Australia, alitunga mwaka 1812 orodha ya maneno ya wezi wenzake, na humo limo. Wakati huo lilikuwa neno la kufanyia kila kitu: kuiba, kuvunja, hata kumjeruhi mtu. Baadaye ndipo likatulia kwenye vitu vya kuigiza. Na "bogus", ambalo wakubwa wetu wanalipenda sana kwenye redio, lilionekana Ohio, Marekani, mwaka 1827, likiwa jina la mashine ya kutengenezea sarafu za uongo. Jina la chombo likahamia kwenye kazi ya chombo.

Nawaambia haya kwa sababu nchini mwetu Uganda Kiswahili ndicho kilichoitwa lugha ya wezi. Mzee wa Kampala ukimsemesha Kiswahili anaweza kukumbuka kizuizi cha wanajeshi barabarani na bunduki, "toa pesa", "lala chini". Simlaumu. Kiswahili ndicho kilichotupa "magendo" miaka ile ya 1970, na "mafuta mingi", jina la waliotajirika ghafla kwa maduka ambayo hawakuyajenga. Sarufi yake mbovu, lakini kila Mganda wa rika langu anaielewa. Katiba iliporekebishwa 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima, bado wapo walionuna kwa kumbukumbu hizo. Basi mkiambiwa tena, waambieni kwamba nusu ya maneno ya Kiingereza tunayoyasema leo bungeni kwa tai shingoni yalitoka gerezani.

Sasa lipo neno linaloniuma mwenyewe. "Phony".

Nilikuwa kijana, nimefika Kampala mara ya pili tu maishani, niko Old Taxi Park natafuta gari la kunirudisha mashariki. Mwanamume aliyetangulia mbele yangu hatua mbili akainama, karibu kabisa na mguu wangu, akainuka na pete. Akanitazama kama aliyeshtuka. "Ssebo, tumeiona pamoja." Akaigeuza, ndani imepigwa chapa ndogo ya karati. Akasema yeye hawezi kuipeleka kwa sonara, atadhaniwa mwizi, lakini mimi nimevaa suruali iliyopigwa pasi, mimi nitaaminiwa. Kilemba cha ukoka hicho, nami nikakivaa kikanitosha. Akasema nimpe chochote nilicho nacho, pete niende nayo. Nilimpa nauli yote pamoja na pesa ya sukari ya mama. Nilirudi nyumbani siku ya pili yake kwa lori la simenti. Pete nilimvisha msichana niliyemtaka, na baada ya wiki mbili kidole chake kikawa kijani. Alinioa hivyo hivyo, ndiyo, nasema alinioa yeye, maana kwa mapenzi ya namna ile mwanamume hana lake.

Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba "phony" huenda limetokana na "fawney", na "fawney" limetokana na neno la Kiayalandi la pete. Wezi wa London walikuwa na mchezo: unaangusha pete ya shaba iliyopakwa dhahabu, unaiokota mbele ya mshamba, unamuuzia. Mchezo ule ule! Umevuka bahari na karne mbili, haukubadilisha hata hatua moja, ukanikuta Old Taxi Park nimevaa suruali ya pasi. Baganda huwaita watu wale "bafere", na vitu vyao "bicupuli". Nilipokuwa nikitafsiri baadaye kesi za namna hiyo, nikiwatazama mashahidi wanavyoona haya kueleza, sikuwahi kucheka.

Maana huo ndio uchungu wa neno "con". Ni kifupisho cha "confidence", neno la kuaminiana. New York, 1849, alikamatwa mtu aitwaye William Thompson. Alikuwa akimwendea bwana mtanashati barabarani, wanazungumza kidogo, kisha anamuuliza: una imani nami kiasi cha kuniachia saa yako hadi kesho? Na watu walimwachia! Magazeti yakamwita mtu wa imani, na jina likabaki. Sisi tunasema tapeli. Mwizi hujichukulia, tapeli hupewa. Mahakamani ukimwuliza aliyetapeliwa nani alitoa pesa mfukoni mwako, anajibu kwa sauti ndogo sana, "Mimi."

Kuna na "swindler", walilichukua kwa Wajerumani, kwao asili yake ni kizunguzungu. Hili halihitaji mkalimani. Ukiuliza mtu wa hapa pesa zake zimekwendaje, atakwambia, "Walinizungusha, walinizungusha, mpaka nikatoa." Na "cheat" limetoka kwenye ardhi. Enzi za kale Uingereza mwenye ardhi akifa bila mrithi, ardhi ilirudi kwa bwana mkubwa, na walikuwepo maofisa wa kushughulikia hilo. Maofisa wale waliona warithi wamekufa hata pale walipokuwa hai. Jina la kazi yao likakatwa kichwa, kilichobaki ndiyo "cheat". Kwa waliowahi kwenda kutafuta hatimiliki wakakuta shamba lao lina mwenyewe mwingine, sina la kuongeza.

Mengine niyapitie mbiombio, muda unakwenda. "Sham" ni danganya toto: semina inayofunguliwa ili posho isainiwe. "Spurious" kwa Kilatini ni mtoto wa nje ya ndoa, neno la dharau, mimi siwatumii watoto kwa matusi. "Hoax" ni ndugu wa maneno ya wafanya mazingaombwe, nalo halihitaji pesa. Shirika la BBC tarehe 1 Aprili 1957 lilionyesha Waswisi wakivuna tambi mitini, na watu wakapiga simu kuuliza zinapandwaje. Kwetu huo ni mzaha, lakini kutangaza kwenye WhatsApp kwamba fulani amefariki huku yuko nyumbani anakunywa chai, huo ni uzushi, na Kiingereza hutumia neno hilo moja kwa yote mawili. Hapo sisi tumewashinda. Tumewashinda pia kwa "hewa": wao wanasema wafanyakazi vivuli, mizimu, "ghost", kana kwamba waliwahi kuishi. Sisi tunasema wafanyakazi hewa. Hawakuwahi kuwapo. Na naona Waganda tumekifundisha Kiingereza chetu jambo hilo, maana bidhaa iliyolipiwa isifike tunaiita "air supply".

Nimalizie na mawili ya mahakamani.

La kwanza ni sheria ya kujipatia mali kwa udanganyifu, ile iitwayo "false pretences". Kwa sheria niliyofanya nayo kazi, uongo wenyewe lazima uwe juu ya jambo lililopita au lililopo. Ahadi ya kesho haimo. Mtu akikwambia "nina ng'ombe watano" naye hana hata kwato, ameingia. Akikwambia "nitakuletea ng'ombe watano" asilete, hilo ni deni, nenda mahakama ya madai. Sasa fikirini mkalimani wa Kiswahili anachokibeba: -na- na -ta-. Herufi moja inamfungulia mtu mlango wa kizimba. Nami nilipata shahidi, mama mmoja mchangamfu, aliyeulizwa mshtakiwa alikwambia nini hasa, akajibu: "Aliniambia ng'ombe wanakuja."

Wanakuja! Wako njiani sasa hivi, vumbi linatimka, au watakuja siku moja Mungu akipenda? Sote tunajua Mswahili akisema "nakuja" mara nyingi ndiyo kwanza anaondoka. Nikaomba ruhusa ya hakimu nimuulize afafanue. Mama akanikunjia uso. "Wanakuja ni wanakuja," akasema. "Wewe hujui Kiswahili?" Nikamtazama hakimu, nikatafsiri "are coming", kwa bahati nzuri Kiingereza nacho kina mtego ule ule, nikawaachia mawakili wang'ang'anie wenyewe. Waling'ang'ania hadi saa nane.

La pili lilikuwa karibu na kustaafu kwangu. Mjane mmoja alikuwa ameweka akiba yake kwa watu waliomwahidi faida ya kila wiki. Wiki tatu alilipwa, ya nne ofisi ikawa na kufuli. Alikaa kizimbani mwa mashahidi ameshika mkoba mapajani kwa mikono miwili. Wakili wa serikali akamuuliza: ulidanganywa na nani?

Akafikiri. Kisha akasema, "Nilidanganyika."

Nilinyamaza. Angeweza kusema "nilidanganywa", na kazi yangu ingekuwa nyepesi: pana mtenda, pana mtendwa, taja jina. Lakini hakusema hivyo. Alisema nilidanganyika, kama kamba inavyokatika au chungu kinavyovunjika. Kamba haikatiki bila mvutano, lakini ilikuwa pia na mahali pake palipochakaa. Nilitafuta kwenye daftari langu lote, kushoto na kulia, sikuona neno la Kiingereza la kulibeba. "I was deceived" lingemleta mtu mwingine ambaye yeye hakumtaja. "I deceived myself" lingemgeuza mshtakiwa.

Hakimu akasubiri, kalamu juu ya karatasi. "Mkalimani?"

Nikamwambia, Mheshimiwa, naomba dakika moja. Wakili wa utetezi akasimama kupinga. Yule mama akanigeukia, akasema taratibu, kama anayenisaidia mimi, "Mwandikie tu kwamba mume wangu alikuwa amekufa mwezi ule."

Nikalitafsiri hilo, neno kwa neno. Hakimu akaliandika, na wakili wa serikali akaenda kwenye swali lingine.